Upande Uliofichwa na Fremu: Uchambuzi wa Kisa cha Jani Moja la Antifonari

Majina ya wahusika, taasisi na nchi zao yameondolewa, pamoja na namba na vipimo ambavyo vingemwezesha mtu kulitambua jani lenyewe. Mimi nilishiriki kama msomaji wa noti. Yaliyotokea nisipokuwepo nimeyapata kwa waliokuwepo.

## Usuli

Seminari moja ya Ulaya ilirithi fremu kutoka kwa padre mzee aliyekuwa amefundisha hapo kwa miaka mingi. Nyuma ya kioo kulikuwa na jani la ngozi lenye ukubwa unaokaribia ukurasa wa gazeti, safu tano za noti za mraba juu ya mistari minne myekundu, na herufi V kubwa iliyopambwa kwa dhahabu, bluu na rangi ya waridi. Ndani ya V, Kristo anamvika taji mwanamke aliyepiga magoti. Mwanamke huyo amevaa joho jeusi la kitawa na shela nyeupe.

Nyuma ya fremu kulibandikwa karatasi iliyopigwa taipu: antifonari ya Kifransisko, Italia, karne ya 14, Mtakatifu Klara akipokea taji. Chini ya picha maneno ya kwanza ya wimbo yalisomeka bila shida: *Veni sponsa Christi accipe coronam*, njoo bibi arusi wa Kristo, upokee taji. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kutilia shaka. Klara, mfuasi wa Mtakatifu Fransisko, ni bikira, Klara ni mtawa, na antifona hiyo, yaani wimbo mfupi wa sala, ni ya mabikira.

Mwaka huohuo paa la maktaba ya seminari lilikuwa linavuja. Mhazini alimwita mthamini, na mthamini akathibitisha maandishi ya karatasi ile bila kuifungua fremu. Bei aliyoitaja ingelipia sehemu kubwa ya paa. Gombera, mkuu wa seminari, akaelekea kukubali kuliuza jani mnadani.

Kabla sijaendelea, yafaa msomaji ajue kitabu cha namna gani kilipoteza jani hili. Kanisa la Kilatini lilikuwa na vitabu vikuu viwili vya nyimbo. Graduali ina nyimbo za Misa. Antifonari ina nyimbo za sala za vipindi, zile saba za mchana na ile ya usiku. Italia, kuanzia karne ya 13, vitabu hivyo vilikua hadi kubeba kimoja kukawa kazi ya watu wawili. Kiliwekwa juu ya meza ya mshazari katikati ya kwaya na kundi zima likasoma humo, wengine wakiwa hatua kadhaa nyuma, usiku, kwa mwanga wa mishumaa. Kwa hiyo noti zilichorwa kubwa, na ukurasa mzima ukabeba safu tano au sita tu. Majani mawili yaliyoungana yalitoka kwenye ngozi nzima ya ndama, kondoo au mbuzi, hivyo kitabu cha majani 200 kilikula kundi zima la mifugo kabla mwandishi hajachovya kalamu. Juu ya hapo kulikuwa na wino wa vifundo vya mwaloni na chumvi ya chuma, na dhahabu iliyolazwa juu ya tabaka la plasta laini, kisha ikasuguliwa kwa jiwe gumu au jino la mnyama mpaka ikang'aa. Bluu iliyo bora kuliko zote ilisagwa kutoka jiwe la lapisi, ambalo wakati huo lilichimbwa Badakhshan, katika Afghanistan ya leo.

Vitabu hivyo vilisambaratika katika mawimbi. Ufaransa ilitaifisha mali ya Kanisa tarehe 2 Novemba 1789, na mwaka uliofuata ikafuta mashirika ya kitawa. Majeshi ya Napoleon yalifanya vivyo hivyo Italia, na Ufalme wa Italia ukarudia mwaka 1866. Wafanyabiashara wakaja nyuma ya sheria. Tarehe 26 Mei 1825, London, ulifanyika mnada wa vipande vya picha vilivyokatwa vitabuni na kukusanywa na padre mfanyabiashara Luigi Celotti, vingi vikiwa vimetoka kwenye vitabu vya Kanisa Dogo la Sisto huko Vatikani. Mwandishi Mwingereza John Ruskin, mtu aliyevipenda vitabu hivi kwa dhati, aliandika katika shajara yake ya mwaka 1854 kwamba alishinda jioni akikata misale, kitabu cha Misa. Karne ya 20 Otto Ege wa Cleveland aliyafungua mabuku mengi na kuuza majani mojamoja, akijitetea hadharani kwamba hivyo watu wengi wataweza kumiliki kipande cha Zama za Kati. Misale ya Beauvais, iliyovunjwa baada ya kuuzwa New York mwaka 1942, bado wataalamu wanaiunganisha jani kwa jani.

Kwa noti hasara ni nzito kuliko kwa picha. Picha iliyokatwa bado ni picha. Wimbo uliokatwa katikati ya neno hauimbiki.

## Yaliyotokea

Mkutubi wa seminari ndiye aliyeanzisha mambo. Alipoambiwa aandae maelezo ya mnada, alijaribu kunakili maneno ya ukurasa, akakuta hayaishii pale antifona ile inapoishia. Antifona mashuhuri *Veni sponsa Christi* ni fupi: njoo bibi arusi wa Kristo, upokee taji ambalo Bwana amekuandalia milele. Basi. Lakini safu ya tano ya jani iliendelea: *pro cuius a-*, yaani "ambaye kwa ajili ya…", na neno likakatika kwenye ukingo wa chini. Alinitumia picha na swali moja: huu ni wimbo gani?

Ni responsorio, wimbo mrefu unaofuata somo la usiku. Noti zenyewe zinaonyesha. Antifona hutoa noti moja au mbili kwa silabi, lakini hapa silabi moja ya *coronam* ilibeba msururu wa noti uliojaza karibu nusu ya safu. Na maneno yanayofuata anayajua kila aliyewahi kuimba Misa ya Kilatini ya bikira mfiadini, kwa kuwa yamo pia katika trakto, wimbo wa kabla ya Injili, ya Misa hiyo: *pro cuius amore sanguinem tuum fudisti*, "ambaye kwa upendo wake uliimwaga damu yako." Klara wa Assisi alifariki kitandani mwezi Agosti 1253, akiwa amezungukwa na masista wake. Wimbo wa damu iliyomwagika haukutungwa kwa ajili ya mtu kama yeye.

Nilimwandikia mkutubi kwamba naomba kuona upande wa pili. Akajibu kuwa upande wa pili umefunikwa kwa kadibodi iliyogundishwa.

Baraza la seminari lilikaa. Mthamini alishauri fremu isiguswe, kwa hoja kwamba wanunuzi wanapenda kitu kilicho tayari kutundikwa. Mhazini alimuunga mkono. Mkutubi alisema hawezi kutia saini maelezo ya kitu ambacho nusu yake hajaiona. Gombera aliamua fremu ifunguliwe, na wakati huohuo akaruhusu taarifa itolewe kwenye gazeti la mji kuhusu "Mtakatifu Klara wa seminari yetu." Taarifa hiyo nitairudia.

Mhifadhi wa ngozi na vitabu aliitwa. Aliitenganisha kadibodi polepole, kwa unyevu kidogo na kisu chembamba butu, na kazi ikamchukua siku nzima. Gundi ilikuwa imeshika kingo tu, jambo lililotupa unafuu mkubwa. Chini yake ukatokea ukurasa mwingine usio na picha hata moja: safu tano, herufi chache za bluu na nyekundu zenye mapambo ya kalamu, maandishi mekundu ya maelekezo, na juu pembeni namba ya jani kwa tarakimu za Kirumi.

Ukurasa huo ndio uliokuja kwanza kitabuni. Kwa juu unamalizika wimbo wenye *Gloria Patri*. Kisha kwa wino mwekundu: *Ad cant.* Kisha antifona fupi na herufi *Evovae*, ambazo ni vokali za *seculorum amen*, zikimwelekeza mwimbaji namna ya kumalizia kila ubeti. Kisha alama ya responsorio. Ukigeuza jani, unakutana na V ya dhahabu.

*Ad cant.* ni kifupi cha *ad cantica*. Herufi hizo chache zilimaliza suala la Ufransisko.

Sala ya usiku katika parokia, makanisa makuu na kwa Wafransisko ilikuwa na masomo tisa katika sikukuu: sehemu tatu ziitwazo nokturno, kila moja ikiwa na zaburi tatu, masomo matatu na responsorio tatu. Wamonaki walisali tofauti. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 11, inaagiza masomo manne na responsorio nne katika kila sehemu, jumla kumi na mbili, na *Gloria* katika responsorio ya nne. Sehemu ya tatu haina zaburi. Ina nyimbo tatu kutoka vitabu vya manabii, na hizo ndizo *cantica*. Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda wanafuata Kanuni hiyohiyo, na aliyewahi kukaa nao atakuwa ameona kwamba mpangilio wa sala ya mmonaki una desturi zake. Kitabu chenye *ad cantica* kabla ya sehemu ya tatu kiliandikwa kwa ajili ya nyumba iliyoishi kwa Kanuni ya Benedikto, iwe ya Wabenediktini wenyewe au ya tawi kama Wasistersiani. Masista wa Klara walifuata sala ya Ndugu Wadogo, yaani Wafransisko. Isitoshe, Kanuni ya Klara ya mwaka 1253 iliwaagiza wanaojua kusoma waisome sala hiyo bila kuiimba.

Mwanamke aliyevikwa taji ni nani basi? Mhifadhi aliwasha taa kutoka pembeni, mwanga ukalala juu ya dhahabu. Kuzunguka kichwa cha Kristo ikaonekana duara iliyochorwa kwa bikari kabla rangi haijawekwa. Kuzunguka kichwa cha mwanamke hapakuwa na kitu. Hana nuru ya utakatifu. Mandhari yote ya dhahabu nyuma yake ndiyo iliyowadanganya watazamaji. Maoni yangu, na ya mtaalamu wa picha aliyeulizwa baadaye, ni kwamba huyu ni mmoja wa wenye kitabu, abesi, yaani mkuu wa monasteri, au sista aliyegharimia kazi, aliyeomba achorwe mahali ambapo wimbo unamtaja bikira mfiadini. Usiku wa sikukuu alisimama mbele ya picha yake mwenyewe na kuimba.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu vipimo. Mtu mmoja barazani alipendekeza ngozi ipimwe umri kwa kaboni 14, mwingine akataka rangi zichunguzwe. Tuliomba yote mawili yasubiri. Kaboni inahitaji kipande kikatwe, na jibu lake kwa kipindi hiki huja kama upeo wa miaka mingi, usio mwembamba kuliko ule ambao mwandiko wa duara wa Kiitaliano na mtindo wa mapambo vilikuwa vimekwisha kutupa, nusu ya kwanza ya karne ya 14. Rangi zingetuambia utajiri wa nyumba, lakini haziwezi kusema nani aliimba. Fedha kidogo iliyokuwepo ikaenda kwenye upigaji picha wa kurasa zote mbili kwa ubora wa juu.

Uamuzi wa pili ulikuwa kusimamisha mauzo. Hapa sababu zilikuwa mbili, na watu walizichanganya sana katika mijadala. Ya kwanza ni ya sheria. Kanuni ya 1292 ya Sheria za Kanisa inadai ruhusa ya Kiti Kitakatifu kwa uhamishaji wa mali ya Kanisa yenye thamani ya kisanaa au ya kihistoria. Mhazini alidai zawadi iliyopokelewa majuzi haijawa mali ya aina hiyo. Mwanasheria wa jimbo alimjibu kwamba thamani ya kihistoria haihesabiwi tangu siku ya kupokea. Sababu ya pili ni kwamba hatukujua jani limetoka wapi. Mtu akiuza jani la antifonari bila kujua limetokaje kitabuni, anaweza kuwa anauza mali ya wizi bila kukusudia. Kwa kuwa mwandiko ulielekeza Italia, seminari ilipeleka picha kwa kikosi cha Carabinieri, polisi wa Italia, cha ulinzi wa urithi wa utamaduni, kilichoanzishwa mwaka 1969 na chenye hazina ya kumbukumbu za vitu vilivyoibwa. Jani halikuonekana kwenye kumbukumbu hizo. Hilo halithibitishi usafi wa historia yake, ila linaondoa hatari moja.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kutafuta majani ndugu, na tulitafuta kwa kutumia wimbo. Katika Cantus, hazina ya mtandaoni ya nyimbo za Kilatini, iliyoanzishwa na Ruth Steiner katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Marekani na sasa inayotunzwa na wasomi wa Kanada, kila wimbo una namba yake ya utambulisho, na mtu anaweza kuona ni vitabu gani vinao na mahali gani katika sala. Hazina ya Fragmentarium huko Fribourg, Uswisi, inakusanya picha za vipande vilivyotawanyika. Tulijua neno lililokatika. Tulihitaji jani linaloanza na *-more sanguinem*.

Tulilipata katika mkusanyo wa makumbusho moja ya nchi nyingine, likiwa limeorodheshwa kwa maneno manne tu: jani la antifonari, Italia. Halina picha, ndiyo maana hakuna aliyelisumbukia. Linaanza na *-more sanguinem tuum fudisti*, kisha ubeti *Veni electa mea*, wenye V ndogo ya bluu iliyozungukwa na nyuzi nyekundu za kalamu.

Maneno pekee hayatoshi, maana responsorio hii iko katika vitabu vingi. Tukatazama mambo mengine. Urefu wa safu ya noti ulilingana. Namba ya Kirumi ilifuata ile yetu moja kwa moja. Mwishoni mwa safu ya tano ya jani la seminari kuna *custos*, alama ndogo ambayo waandishi wa noti waliiweka ukingoni ili mwimbaji ajue noti ya kwanza ya safu inayofuata kabla jicho halijafika huko. Custos yetu ilikaa kati ya mstari wa pili na wa tatu. Noti ya kwanza ya jani la makumbusho ilikaa kati ya mstari wa pili na wa tatu, na ufunguo wa safu ni uleule. Na kwenye ukurasa wa picha, sehemu ya chini ambapo wote tulidhani ni uchafu, paliwepo vivuli vya wekundu na bluu. Tulipoigeuza picha ya jani la makumbusho kama kwenye kioo na kuilaza juu ya hiyo, vivuli vilikaa sawasawa juu ya nyuzi za ile V ndogo. Kurasa hizi mbili zilitazamana ndani ya kitabu kilichofungwa kwa karne kadhaa, rangi ya mmoja ikamwachia alama mwenzake.

Nimekaa na vipande vingi. Sijawahi kuona ushahidi ukijipanga namna hii.

## Matokeo

Jani halikuuzwa. Seminari na makumbusho walikubaliana kwa maandishi: jani la seminari linakaa makumbusho kwa mkopo wa miaka mitatu, kando ya mwenzake, na picha za yote mawili zinawekwa mtandaoni zikiwa zimeungana, bila malipo kwa anayetaka kusoma au kuimba. Maelezo ya orodha yameandikwa upya kwa pande zote mbili. Sasa yanaanza na wimbo na mpangilio wa sala, kisha ndipo picha.

Nyumba iliyoimba kutoka kitabu hiki bado haijatambuliwa. Tunajua ilikuwa ya Kanuni ya Benedikto, karibu hakika ya wanawake, na yenye uwezo wa kuweka picha hata katika nokturno ya tatu, mahali ambapo nyumba nyingi ziliridhika na herufi ya rangi. Kona ya chini ya jani imekuwa nyeusi kwa vidole. Mkono wa baadaye sana, kwa wino wa kahawia, uliongeza vistari vya kutenganisha maneno. Kitabu kilitumika muda mrefu.

Paa lilitengenezwa nusu. Nusu nyingine ilifunikwa kwa turubai msimu mmoja zaidi, na sanduku kadhaa za vitabu zikahamishiwa chumba cha chakula. Naliandika hili kwa sababu wanaosifu uamuzi wa kutouza mara nyingi hawakulala chini ya paa linalohusika. Mhazini hakuwa mtu mbaya katika kisa hiki. Alikuwa na bili mkononi.

## Uchambuzi

Lililofaa zaidi ya yote ni kwamba mkutubi alisoma maneno hadi mwisho wa ukurasa. Mthamini alitambua antifona mashuhuri kwa maneno yake matatu ya kwanza, akasimama hapo. Nyimbo za liturujia ya Kilatini huazimana sana mianzo. *Veni sponsa Christi* peke yake ni mwanzo wa antifona, wa responsorio na wa trakto, na kila moja ina kazi yake na watakatifu wake. Mwanzo wa wimbo unakupeleka mlangoni tu. Kitambulisho kiko katika maneno yanayofuata, wingi wa noti juu ya silabi, na kilichokuja kabla yake.

Kufungua fremu kulikuwa uamuzi sahihi hata kama upande wa pili ungekuwa mtupu. Kadibodi ile ilikuwa na tindikali, na kingo za ngozi zilikwisha kuanza kugeuka rangi. Lakini kulifanyika bila maandalizi ya chumba, na hapa pana kosa la wazi. Ngozi hunywa na kutema unyevu wa hewa. Ndani ya fremu jani lilikuwa limezoea hali yake. Lilipotolewa, liliwekwa siku kadhaa katika ofisi yenye joto la kipasha-hewa, majira ya baridi, hewa ikiwa kavu mno. Ngozi ikajikunja. Plasta chini ya dhahabu haijikunji, ikapasuka, na kipande kidogo cha dhahabu kwenye mguu wa V kikabanduka. Mhifadhi alikishikiza kwa gelatini chini ya hadubini, na asiyejua hataona. Hata hivyo V ile ilivuka miaka mia saba na uvunjaji wa kitabu chake, ikaja kuumizwa na kipasha-hewa cha ofisi. Chumba kilipaswa kuandaliwa kwanza, chenye unyevu wa kadiri usiobadilika, kisha ndipo kisu kiguse kadibodi.

Taarifa ya gazetini ilifanya madhara ya aina nyingine. Ilitoka kabla ya matokeo, ikanakiliwa mtandaoni na kurasa za ibada, na hadi leo picha ya sista asiye na nuru ya utakatifu inasambazwa kila Agosti kama Mtakatifu Klara. Seminari ilitoa masahihisho. Masahihisho hayakusafiri. Ukimya wa miezi michache usingemgharimu mtu chochote.

Kosa linalonisumbua zaidi ni la kuchelewa kumuuliza mpwa wa marehemu padre. Kila mtu alimchukulia kama aliyeleta fremu tu, akashukuriwa, akaaga. Tuliandikia kikosi cha polisi cha nchi nyingine kabla ya kumpigia simu mama huyu anayeishi mji wa jirani. Alipoulizwa hatimaye, alijibu kwamba mjomba wake alilinunua jani akiwa mwanafunzi, miaka ya 1950, dukani kwa muuza vitabu vya kale, na kwamba risiti alikuwa ameiona kwenye droo. Aliitafuta, akaileta. Ilikuwa na namba ya bidhaa ya duka, na faili la makumbusho lilikuwa na risiti ya duka hilohilo, namba ikifuatana na yetu. Kumbe kabla ya hazina za mtandaoni, kabla ya custos na vivuli vya rangi, ushahidi ulikuwa ndani ya droo ya jikoni. Pia mama huyo alikuwa amesoma gazetini kwamba jani linaweza kuuzwa, na hakuna aliyekuwa amemweleza lolote. Aliumia, na alikuwa na haki.

Kuhusu utafutaji kwa njia ya wimbo, ningependa wenzangu wasiuone kama ujanja wa kisa kimoja. Majani yenye picha yamepigwa picha na kuchapishwa tangu karne ya 19. Yasiyo na picha yamelala kwenye majalada, yameorodheshwa kwa maneno manne, na ndiyo mengi zaidi. Anayetafuta kwa mtindo wa mchoraji atapata majani ya dhahabu ya kitabu na kukosa yaliyobaki. Anayetafuta kwa neno lililokatika, namba ya jani na custos anaweza kulipata jani la kawaida kabisa, na hayo ya kawaida ndiyo yanayorudisha mpangilio wa sala.

Kuna jambo moja ambalo baraza halikukubaliana, na mimi sikubaliani na uamuzi wake. Baada ya majani kuunganishwa, kwaya ya wanawake ya abasia moja iliomba kuimba responsorio nzima makumbusho, ikisoma kutoka kwenye kurasa zenyewe zilizo nyuma ya kioo. Makumbusho yalikubali. Seminari ilikataa, kwa hofu ya umati, joto la pumzi na taa za kamera, na mhifadhi aliiunga mkono. Wakaimba kutoka nakala, katika ukumbi wa pembeni. Naelewa hofu hiyo, hasa baada ya dhahabu kubanduka. Lakini kioo kile kimejengwa kwa ajili ya kuhimili umati wa wageni, noti zile zilichorwa kubwa makusudi ili kundi lisome kwa pamoja kutoka mbali, na dakika sita za wimbo wa watu kumi na wawili hazizidi mzigo wa ziara moja ya wanafunzi. Mkopo una mwaka mmoja umebaki. Nimeomba suala hili lirudishwe mezani, nikaambatanisha vipimo vya unyevu vya chumba cha maonyesho, na mpwa wa padre ametia saini ombi hilo pamoja nami.